Watu Kumi na Mmoja, Dole Moja

Sehemu ya saba

Niliwaacha pabaya, najua. Niliwaacha na Mzee Nasibu akiipiga mateke mashine yangu mbele ya zahanati huku akipiga kelele, "Mwizi wewe! Dawa yangu ya sukari umempa nani?"

Kwa aliyeingia leo, nasema kwa kifupi. Mimi ni Vumilia, fundi wa simu na redio wa machimboni, ng'ambo kidogo ya Mwakitolyo. Kwa miezi minane nimetengeneza mashine ya kugawa dawa. Nimeitengeneza kwa jokofu bovu, mota za mashine ya kutolea kopi na betri ya pikipiki. Mgonjwa anaweka kidole, mashine inamtambua, inaangusha pakiti ya dawa zake, halafu inamwambia namna ya kumeza. Sauti yenyewe ni yangu. Watu wameibatiza Nesi wa Bati.

Mwenzangu ni Theonest, mtu wa dawa wa zahanati. Yeye ndiye anayejaza pakiti, na ndiye aliyeweka saini kwamba mashine ijaribiwe kwa wagonjwa wa kweli. Mimi nikiharibu napoteza jokofu. Yeye anapoteza cheti, kazi na jina.

Na kuna siri ambayo nyinyi mnaijua, yeye haijui.

Waponda mawe na waosha dhahabu hawana alama za vidole. Miaka ya mawe na zebaki imezisugua mpaka zimeisha. Nesi wa Bati alikuwa anawakataa watu kumi na mmoja. Nilijaribu mafuta, nikajaribu maji ya moto, nikajaribu kila kidole cha kila mkono, wapi! Basi kwa hasira zangu nikaandikisha dole gumba langu mimi kwenye majina yao yote kumi na moja. Mgonjwa anabonyeza namba yake, mimi nasimama pembeni eti namsaidia, naweka dole. Pakiti inaanguka, mtu anashukuru, anaondoka.

Nilijiambia ni ya muda tu. Jamani, hii "ya muda tu" imetia watu wengi kaburini.

Haya. Mzee Nasibu ni mmoja wao; Alhamisi ile asubuhi nilimwekea dole, mashine ikakataa, mateke yakaanza, nami nikamshika mkono.

"Baba, mashine haipigwi mateke."

"Imesema nimeshachukua mara mbili! Mimi ndiyo kwanza nafika. Nimechukua saa ngapi?"

"Ngoja niangalie."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikachomeka simu, nikasoma kumbukumbu. Jumanne saa nne asubuhi, Nasibu, pakiti moja. Jumanne saa tisa alasiri, Nasibu, pakiti moja. Mgao wa mwezi umekwisha.

"Baba, Jumanne ulikuja hapa?"

"Jumanne nilikuwa mnadani Kishapu nauza mbuzi. Muulize nani unayemtaka!"

Mzee Nasibu hakuja Jumanne, lakini dole lake lilikuja. Na dole lake ni hili langu.

Hapo ndipo akili ilipokaa sawa. Jumatatu mwenyekiti wa kamati ya zahanati alinifuata kibandani. Kesho yake wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kuiona mashine. Akasema, "Fundi, hizo namba ziondoe. Watu wetu hawajazoea kubonyeza mbele za watu, watatuaibisha. Waweke kidole, basi." Nami nikaziondoa jioni ileile, nikaona nimefanya la maana.

Sikukumbuka kwamba zile namba ndizo pekee zilizokuwa zinawatenga watu kumi na mmoja wenye dole moja. Bila namba, mashine inatafuta dole, inakuta la kwanza kwenye orodha, inaridhika. La kwanza kwenye orodha ni Nasibu. Fundi mzima, nimesahau uchafu niliouficha mwenyewe!

Na waliochukua nilikuwa nawajua, maana dole niliweka mimi. Saa nne, mbele ya wageni, nilimwekea Mama Zipora, mgonjwa wa presha. Saa tisa nikamwekea Sikujua, naye mgonjwa wa presha. Wageni walipiga makofi, mmoja akapiga picha.

"Vumi, kuna nini?"

Theonest alikuwa nyuma yangu, koti jeupe, kikombe cha chai mkononi.

"Mashine imechanganya dawa," nikasema.

"Imechanganya vipi?"

"Watu wawili wa presha wamepewa dawa ya sukari ya Mzee Nasibu."

Kikombe alikiweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kitamwagika. "Vumi, unajua ile dawa inamfanyaje mtu asiye na kisukari? Inashusha sukari mwilini. Anatetemeka, anatoka jasho, anazimika. Akiwa hajala na anafanya kazi nzito, hata kuamka haamki. Kina nani hao?"

"Mama Zipora. Na Sikujua."

"Imejichanganya yenyewe?"

Nilikuwa na nafasi hapo, wasomaji wangu. Nilikuwa na nafasi nyeupe kabisa.

"Yenyewe," nikasema. "Programu."

Hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akatoka na begi. Alitia chupa za glukosi ya sindano, glukosi ya unga na soda mbili.

Kwa Mama Zipora ni mwendo wa dakika tano, tukaenda kwa dakika mbili. Tulimkuta uani anapepeta mtama.

"Mama, zile dawa za Jumanne—"

"Mwangaluka," akanipa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kichwa hakuinua.

Nyie, kwa Msukuma wa umri ule huwezi kuingia uani kwake na swali mkononi. Nikapiga goti pale pale, roho inataka kutoka.

"Shikamoo, Mama Zipora."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na kazi?"

"Kazi nzuri." Na huo nao ulikuwa uongo. "Mama, zile dawa ulizopewa na mashine Jumanne umeshazimeza?"

"Nimeze mpya na za zamani hazijaisha? Mimi siyo mharibifu." Akatoa pakiti kwenye ncha ya khanga. Haijafunguliwa. Theonest akaipokea, akapumua mpaka nikasikia.

"Bado mmoja," akasema.

Simu ya Sikujua niliipiga mara tatu. Ya nne ikapokelewa na mwanaume. "Sikujua ndiyo nani? Hii laini nimeinunua mimi mwaka jana." Nikataka kumtukana, kana kwamba kosa ni lake.

Chumbani kwake tukakuta kufuli. Jirani yake alikuwa anafua.

"Ameondoka jana," akasema. "Si kuna rashi huko upande wa Geita? Wameona dhahabu porini, watu wote wamehamia. Mahali penyewe wanapaita Tupendane. Amemfuata mwanaye."

Wenyeji mnajua mambo ya rashi. Leo mji umejaa, kesho mtu mmoja anasema kwa fulani kuna jiwe linawaka, keshokutwa umebaki na kuku. Watu wanang'oa hata mabati ya nyumba wanaondoka nayo. Mgonjwa wako unampata wapi?

"Twende," akasema Theonest.

Nikawasha pikipiki yangu, akapanda nyuma na begi lake. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mbona ile ilikuwa ndefu hivyo? Vumbi, matuta, ng'ombe wanavuka wametuzibia barabara, na nyuma yangu mtu anayeniamini ananisemesha sikioni.

"Vumi, usijilaumu," alisema. "Mashine ni mashine. Nimeanza kuandika ripoti kwenye simu. Nimeandika ni hitilafu ya mtambo, siyo uzembe wa mtu."

Nikaongeza mafuta.

"Wakiniuliza nitawaambia nilikukagua kila hatua. Nitasema huyu dada hafanyi kazi ya kubahatisha."

"Theo, acha kuongea, naendesha!"

Nilimfokea kwa sababu kila neno lake lilikuwa linaniunguza. Nilitaka kusimama pembeni nimwambie. Kila nikiona mti wenye kivuli nasema hapa, halafu naupita. Nikasema kwanza tumpate Sikujua. Akiwa mzima, siri itakufa yenyewe, namba nitazirudisha, na hakuna atakayejua. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyowaza. Siwafichi.

Tulifika Tupendane saa tano na ushee. Miezi miwili nyuma palikuwa pori la kulishia mbuzi. Sasa ni turubai mpaka macho yanapoishia, na mashine za kusaga mawe, zile karasha, zinaunguruma kila upande mpaka mtu unazungumza kwa kupiga kelele.

"Tunamtafuta Sikujua!"

"Hapa hakuna Sikujua!"

Tukauliza mama lishe, tukauliza wauza maji, tukauliza mlinzi wa mwalo wa kuoshea dhahabu. Hakuna. Nikaanza kuona picha mbaya. Mwanamke amelala chini ya turubai, watu wanapita wanadhani amechoka.

"Mweusi, mfupi, ana kovu shavuni!" nikamwambia msichana mmoja mwenye beseni. "Ana presha! Kijana wake mchimbaji, Edson!"

"Si useme Mama Edson! Yule kule anagonga mawe."

Wasomaji wangu, nilimwona. Amekaa chini ya kipande cha turubai, nyundo mkononi, anagonga jiwe kwa nguvu za mtu aliyekula akashiba.

"Fundi wangu!" akaita kwa furaha. "Na dokta! Mmekuja na Nesi wa Bati?"

"Mama Edson, zile dawa za Jumanne umezimeza?" Theonest akamuuliza.

"Nimeze za nini? Kichwa hakiniumi."

Kila mwezi Theonest humgombeza mama huyu. Humwambia presha haisubiri kichwa kiume, dawa ni kila siku. Kila mwezi mama anaitikia na hafanyi. Siku ile Theonest alimshika mikono yote miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, Mungu akubariki kwa ukaidi wako."

"Eti nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tupe hiyo pakiti tu. Tutakupa nyingine."

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini, nimefungua soda. Nilikuwa hata nimeanza kupanga namna ya kurudisha zile namba. Mama Edson akaingiza mkono kifuani, akatoa pakiti, akampa.

Theonest akaigeuza. Kicheko kikakatika.

"Imefunguliwa."

Akamwaga vidonge kiganjani, akahesabu kwa kidole, viwili viwili, kama wanavyofanya watu wa dawa. Akarudia.

"Nilifunga arobaini na viwili. Hapa kuna thelathini na sita. Mama, vidonge sita viko wapi?"

"Si Edson! Asubuhi aliamka kichwa kinamgonga. Nikampa viwili, kama Nesi wa Bati alivyosema. Viwili asubuhi, kimoja jioni. Si ndivyo, fundi?"

Ndivyo. Kwa sauti yangu.

"Na vinne?"

"Wenzake wawili walimwona anameza, wakasema na wao wamechoka, wapewe. Dawa ya mashine, kila mtu anaitaka. Na wewe mtu utamnyima mwenzio dawa unayo mkononi?"

Huo ndio ukweli wetu, na ningetakiwa kuujua kabla ya kushika bisibisi. Kwetu dawa haina mwenyewe. Ukiumwa unaomba kwa jirani kama unavyoomba chumvi. Mimi nilitengeneza mashine ya kumtambua mtu mmoja mmoja, kwa watu wanaomeza kwa pamoja.

"Walikula?" Theonest aliuliza.

"Nani anakula kabla ya kushuka duara? Wanakula wakipanda."

"Wameshuka?"

"Tangu saa moja." Akaonyesha kwa nyundo. "Duara la Athanas, pale penye winchi."

Theonest alishaanza kukimbia.

Kwenye mdomo wa lile duara, ndivyo shimo la wachimbaji linavyoitwa, watu kama ishirini walikuwa wamesimama kimya. Machimboni ukiona watu wamesimama kimya, ujue. Athanas, mwenye duara, mtu mnene wa makamo mwenye kofia ya sufu juani, alikuwa ameshika kamba ya ishara. Anavuta, anasubiri. Anavuta, anasubiri.

"Vipi?" nikauliza.

"Chini hawajibu. Tangu saa nne."

"Wapandisheni!"

"Wanapandishwaje na hawajajifunga? Lazima mtu ashuke." Akatema mate. "Na hashuki mtu. Wote watatu kimya kwa mpigo, hiyo ni hewa. Hewa imekata. Mwezi uliopita kwa jirani alilala mmoja, wakashuka wawili kumfuata, tukazika watatu. Hapa kwangu hapana."

"Siyo hewa," nikasema.

Hakunisikia. Au alinisikia akanipuuza. Mama Edson alikuwa amefika, nyundo bado mkononi, anauliza mmoja mmoja, "Mwanangu yuko wapi? Edson yuko wapi?"

"Siyo hewa!" nikapiga kelele. "Ni dawa!"

Athanas akageuka. "Dawa gani?"

"Wamemeza dawa ya sukari asubuhi. Wote watatu. Imeshusha sukari, wamezimika. Wakipewa glukosi wanaamka. Huyu hapa anayo kwenye begi. Mshusheni!"

"Mama Edson kasema ni ya kichwa."

"Siyo ya kichwa!"

"Umejuaje wewe?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Theonest pia, begi kifuani. Angeweza kunijibia. Alifungua mdomo, najua alitaka kusema hitilafu ya mtambo.

Nikamuwahi.

"Mashine ni yangu. Vidole vyenu haisomi, vimelika. Nikaandika dole langu kwenye majina ya watu kumi na mmoja, nikaficha. Juzi Mama Edson alipokuja, dole lililowekwa ni hili. Mashine ikatoa dawa ya mtu mwingine. Haikukosea mashine. Mimi ndiye niliyeidanganya, na nimemdanganya huyu, na nimewadanganya nyinyi."

Niliinua dole juu, kama mtoto anayeonyesha alipochomwa mwiba. Sijui kwa nini nilifanya vile. Naona aibu mpaka leo.

Nilitegemea matusi. Nilitegemea jiwe. Mama Edson alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa," akasema. "Kwa mkono huu."

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Nilimwambia ameze vyote viwili. Alitaka kimoja."

Theonest alinigeuzia mgongo. Hata kunitazama hakunitazama. Alifungua begi, akaanza kuhamishia chupa mifukoni, kifuani, kila mahali. Heri angenizaba kofi.

"Nishusheni mimi," nikasema. "Mimi ndiye mwenye kosa. Nifungeni kamba."

"Mwanamke hashuki duara langu!" Athanas akaruka. "Wanawake hata mdomoni hapa hamtakiwi! Ukishuka wewe, dhahabu yote inakimbia. Rudi nyuma!"

"Watu wanakufa, wewe unawaza dhahabu?"

"Rudi nyuma, nasema!"

Tukaanza kusukumana. Mimi na hasira zangu, yeye na kofia yake. Kofia ikaanguka, vijana wakaingia kati. Tulipoachanishwa, Theonest alikuwa ameshavua koti jeupe na amejifunga kamba kiunoni. Kijana wa winchi anamkagulia fundo.

"Theo, hujawahi kushuka shimo wewe!"

"Sindano unajua kuipiga wewe?"

Akakaa kwenye ukingo, miguu inaning'inia gizani. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu niseme. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao anapohesabu vidonge.

"Vumilia," akasema. Kwa miezi minane aliniita Vumi. "Nakuuliza mara moja. Una uhakika ni dawa? Siyo hewa?"

Wasomaji, mnielewe. Dawa ile kwenye tumbo tupu inaweza kumzimisha mtu, Theonest alisema mwenyewe. Lakini watatu, wote kimya kwa mpigo mmoja? Kuna mwili mkubwa, kuna mwili mdogo. Mmoja angebaki walau na nguvu ya kuvuta kamba. Hilo wazo lilinijia. Niliona pia bomba la plastiki la kupeleka upepo chini, limelala ukingoni, linaingia shimoni. Bomba la upepo likiwa linafanya kazi huwa linatetemeka. Sikuliinamia kuligusa. Kwa kelele za karasha zile zote huwezi kujua pampu ya nani inawaka na ya nani imezima. Ningeweza kumuuliza Athanas. Neno moja tu.

Sikuuliza. Niliogopa jibu. Nikiuliza, Theonest hashuki, na nikishindwa kumshusha, wale watatu wanakufa kwa dole langu huku nimesimama natazama.

Mama Edson alikuwa ameshika mkono wangu. Sijui aliushika saa ngapi.

"Nina uhakika," nikasema.

Sikuwa nao.

Theonest akaitikia kwa kichwa. Winchi ikaanza kulia. Kichwa chake kikazama, tochi yake ikabaki nukta, kisha nukta nayo ikapotea. Kijana wa winchi alikuwa anataja kina kwa sauti. Mita kumi. Ishirini. Thelathini. Mama Edson alikuwa anasali Kisukuma, haraka haraka, midomo tu.

"Arobaini," akasema kijana. "Amefika. Kamba imelegea."

Tukasubiri avute ishara.

Nyuma yetu mtu akapasua katikati ya watu, anahema. Alikuwa amebeba dumu la mafuta.

"Nani kazima pampu yangu?" akauliza. "Niliiacha inaunguruma nikafuate mafuta."

Athanas akamgeukia. "Pampu ya upepo?"

"Ndiyo, ya hapa! Saa tatu niliiacha inaunguruma. Nimepita sasa hivi nimeishika, injini ya baridi kabisa."

Nilisikia karasha zote za Tupendane kwa wakati mmoja.

"Iwashe!" Athanas akabweka. Mwenye dumu akatupa kila kitu, akakimbia.

"Mvuteni!" nikapiga kelele. "Mvuteni juu! Theo! Theonest!"

Kijana akageuza winchi. Athanas akashika kamba kwa mikono, nami nikaishika, na safari hii hakuna aliyeniambia nirudi nyuma. Tulivuta kwa nguvu zote, tukajiandaa kwa uzito wa mtu mzima. Nusura tuanguke chali. Kamba ilikuja nyepesi. Ilikuja mbio, mita kwa mita, mpaka ncha yake ikatokea juani. Fundo amelifungua mwenyewe, awafikie wale watatu.

Nilipiga magoti nikachungulia. Giza tu. Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Nilipoinua kichwa, Mama Edson alikuwa amesimama mbele yangu. Mkono wangu ameuachia. Alikuwa ananitazama mimi na ile ncha ya kamba, mimi na ile ncha ya kamba.

"Na huyu," akaniuliza polepole, "huyu naye ulimwambia nini?"